Kadi Inayokataza: Niliyojifunza kuhusu Kanban Kiwandani na Katika Timu ya Programu

Watu wengi wanaonijia kuuliza habari za Kanban, njia iliyoanzia katika kampuni ya magari ya Toyota ya kuongoza kazi kwa kadi, huwa tayari wanao ubao. Umebandikwa ukutani au umo ndani ya kompyuta, una safu ya kazi zinazosubiri, ya kazi zinazofanywa na ya kazi zilizokwisha, na umejaa kadi za rangi mbalimbali. Ninapowauliza ni kazi ngapi zinaruhusiwa kukaa katika safu ya kati kwa wakati mmoja, mara nyingi wananijibu kwamba hakuna idadi iliyowekwa. Mazungumzo yetu huanzia hapo, kwa kuwa karibu yote niliyojifunza, kwanza katika kiwanda cha madawati na fanicha za chuma jijini Dar es Salaam na baadaye katika timu ya watengenezaji wa programu za kompyuta, yananirudisha kwenye jambo hilo moja. Kadi ya Kanban ni ruhusa ya kufanya kazi, na pasipo kadi kazi haianzi. Ubao ambao haujawahi kumkataza mtu kuanza kazi yoyote ni orodha, hata ukipangwa vizuri namna gani.

Kiwandani nilikuwa mpangaji wa uzalishaji. Dawati tulilotengeneza kwa ajili ya shule za msingi lilikuwa na fremu ya bomba za chuma za mraba na mbao za kukalia na kuandikia. Bomba zilikatwa, zikachomelewa, maungio yakasagwa kwa grainda, fremu ikaoshwa, ikapuliziwa rangi ya unga na kuingizwa kwenye tanuri, kisha ikafungwa mbao kwa boliti. Kila kituo kilifanya kazi kwa kadiri ya nguvu zake, na kwa kuwa wachomeleaji walikuwa wengi na wepesi kuliko kibanda cha rangi, fremu zilirundikana kuanzia mlango wa kibanda hicho hadi uani. Mvua za masika zilipoanza, zile za uani zilishika kutu na ikabidi zisagwe upya kabla ya kupakwa rangi. Wakati huohuo malori ya wateja yalikuwa yakingoja getini kwa sababu madawati ya saizi waliyoagiza hayajafungwa. Mtu yeyote aliyepita ndani ya kiwanda angeona watu wanatoka jasho tangu asubuhi hadi jioni, lakini ghala la bidhaa zilizokamilika lilikuwa karibu tupu.

Wakati huo mafunzo ya Kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, ambayo wizara inayohusika na viwanda na biashara ilikuwa imeyaanza mwaka 2013 kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, yalikuwa yakizungumzwa na wenye viwanda wengi, na uongozi wetu ulitaka kujaribu kadi. Mimi nilikwisha kusoma kwa kina jinsi Toyota ilivyofika huko, na sehemu iliyonigusa zaidi ilikuwa ile inayohusu ukosefu wa fedha. Kampuni hiyo ilikaribia kufilisika mwishoni mwa miaka ya 1940, ukafuata mgogoro mkubwa na wafanyakazi mwaka 1950, na mwanzilishi wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Taiichi Ohno, aliyekuwa akisimamia karakana ya mashine katika mji wa Koromo, ambao tangu mwaka 1959 unaitwa Toyota, hakuwa na uwezo wa kujaza ghala la vipuri kama walivyofanya Wamarekani, na soko lake lilikuwa dogo lenye kutaka aina nyingi za magari kwa idadi ndogo ndogo. Alivutiwa na habari za supamaketi za Marekani, ambako mteja huchukua anachohitaji rafuni na mwenye duka hujaza pale tu palipopungua. Akaugeuza mwelekeo wa karakana: kituo cha mbele kiende kuchukua kwa kituo cha nyuma, na kituo cha nyuma kitengeneze kile tu kilichochukuliwa. Utaratibu huo ulikuwa ukitumika katika karakana yake kufikia mwaka 1953, lakini ulienea katika kampuni nzima mwaka 1962 tu. Kwa hiyo ilichukua takriban miaka 10 ndani ya kampuni iliyoubuni yenyewe, jambo ambalo huwa nalikumbusha kila ninapomsikia mshauri akiahidi matokeo ndani ya mwezi mmoja.

Sisi nasi fedha zetu zilikuwa zimelala uani. Bomba zile zilinunuliwa kwa mkopo wa benki, riba ilikuwa inahesabiwa kila siku, na kila fremu iliyokuwa ikishika kutu ilikuwa na deni juu yake.

Tuliandaa kadi ngumu zilizofunikwa kwa plastiki, kila moja ikiandikwa aina ya dawati, kituo kinachotengeneza, kituo kinachochukua na idadi. Kila kadi ilifungwa kwenye toroli moja la fremu 20. Mtu wa rangi alipochukua toroli, alifungua kadi na kuitundika kwenye ndoano iliyokuwa mbele ya wachomeleaji, na kadi hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa ya kuchomelea fremu nyingine 20 za aina ileile. Ndoano ikiwa tupu, hakuna anayewasha mashine. Hesabu ya idadi ya kadi si ngumu: unachukua mahitaji ya siku, unazidisha kwa muda unaohitajika kujaza toroli lililochukuliwa, unaongeza akiba kidogo, kisha unagawanya kwa idadi inayobebwa na toroli. Kwa mfano, ikiwa kibanda cha rangi kinahitaji fremu 240 kwa siku, kujaza toroli huchukua nusu siku na akiba ni asilimia 10, jibu ni fremu 132. Ukigawanya kwa 20 unapata 6.6, kwa hiyo unatoa kadi 7. Mahali palipokuwa na mrundikano usiohesabika pakabaki matoroli 7.

Hesabu iliisha mapema. Kilichochukua muda mrefu ni mshahara.

Wachomeleaji wetu walilipwa kwa idadi ya fremu. Kijana aliyekuwa na familia na kodi ya nyumba hakuwa na sababu yoyote ya kusimama eti kwa kuwa ndoano ni tupu, na mtu anayemlaumu kwa kuendelea kuchomelea hajafikiria jambo hilo vya kutosha. Fundi mkuu wa sehemu ile, ambaye sote tulimwita Mzee na kumwamkia shikamoo kila asubuhi, alinisikiliza hadi mwisho siku nilipowaeleza kadi, kisha akaniuliza, "Mwanangu, unataka vijana wakae bure wakati chuma kipo na umeme upo?" Nilimjibu, "Mzee, fremu zilizoko uani zinatosha rangi ya siku nyingi. Za leo zitakwenda kupanga foleni nyuma ya hizo na kushika kutu." Akatafakari, akasema, "Nimekuelewa. Basi anzeni na malipo, kadi zifuate. Mkianza na kadi mtakuwa mmewakata vijana mishahara."

Alikuwa na haki kabisa, na ushauri huo naona ulikuwa na thamani kuliko chochote nilichosoma. Uongozi ulikaa na wawakilishi wa wafanyakazi, na baada ya mabishano marefu tukakubaliana kwamba laini nzima, kuanzia mkataji wa bomba hadi mfungaji wa mbao, ilipwe mshahara wa kudumu pamoja na nyongeza ya pamoja inayotokana na madawati yaliyokamilika na kukubaliwa na mkaguzi. Kuanzia hapo mchomeleaji aliyekosa kadi alikuwa na sababu ya kwenda kusaidia kuosha na kutundika fremu kwenye kibanda cha rangi, ambako ndiko kazi ilikokuwa inakwama. Wengine walijifunza kupuliza rangi. Mashine hazikuongezwa, tanuri lilikuwa lilelile, lakini halikukaa tena likiwaka bila kitu ndani kwa sababu ya kusubiri fremu zioshwe, na madawati yaliyotoka getini yakaongezeka. Ninapoona kampuni inaleta Kanban huku kila mtu akiendelea kupimwa na kulipwa kwa wingi wa kazi yake binafsi, ninajua kadi zitashindwa, kwa kuwa malipo humwamuru mtu kwa sauti kubwa kuliko kadi.

Faida ambayo sikuitarajia kwa kiwango kile ilikuwa upande wa ubora. Bomba zilishikiliwa kwenye kiunzi ambacho mafundi hukiita jigi wakati wa kuchomelewa, na jigi likisogea milimita chache, matundu ya boliti hayalingani na ya mbao. Wakati wa mrundikano, kosa la namna hiyo lilikuwa linagunduliwa kwa wafungaji siku nyingi baadaye, wakati mamia ya fremu yamekwisha kutengenezwa vilevile na hakuna anayekumbuka jigi lilisogea lini. Baada ya kadi, fremu zilizokuwa zikisubiri rangi hazikuweza kuzidi 140, na kwa kawaida mfungaji alikutana na kasoro siku ileile au kesho yake, akaenda moja kwa moja kwa aliyechomelea. Moja ya kanuni za Toyota ni kwamba kitu chenye kasoro hakipelekwi kituo kinachofuata. Kanuni hiyo ni ngumu kuitii palipo na mrundikano, kwa sababu mrundikano huficha kasoro na mwenye kasoro pamoja.

Tulipozoea kadi 7 tukaondoa moja, na baada ya muda nyingine. Kadi zilipobaki 5, kibanda cha rangi kikaanza kukosa fremu za aina moja huku kikiwa na nyingi za aina nyingine, na sababu ikajitokeza waziwazi: kubadilisha rangi kutoka bluu hadi kijivu kulichukua muda mrefu kwa ajili ya kusafisha bunduki ya rangi na kuta za kibanda, kwa hiyo watu wa rangi walipendelea kupaka rangi moja kwa muda mrefu iwezekanavyo. Tatizo hilo lilikuwapo miaka yote, ila halikumuumiza mtu kwa sababu uani kulikuwa na fremu za kila aina. Tulinunua bunduki ya pili, tukaigawa kazi ya usafishaji ili sehemu yake ifanyike wakati tanuri linaendelea, na kadi 5 zikatosha. Upunguzaji huo wa kadi ndio mtambo halisi wa Kanban. Kuweka kadi 7 na kuziacha 7 milele kungeturahisishia utunzaji wa stoo, basi, na kasoro zetu zingebaki zilipo.

Kuna mambo ambayo kadi hazikuyaweza, na ni lazima niyaseme. Elimu ya msingi bila ada ilianza Januari 2016, watoto wengi wakaandikishwa, upungufu wa madawati ukaonekana nchi nzima, na Rais Magufuli akaagiza tatizo hilo liishe kufikia mwisho wa Juni mwaka huo. Oda zilitumiminikia kwa wakati mmoja. Kadi zimetengenezwa kwa ajili ya mahitaji yanayokwenda kwa mwendo unaofanana siku hadi siku, na mahitaji yakipanda ghafla maradufu, idadi ya kadi iliyokokotolewa kwa mwendo wa zamani huwa kizuizi. Tulilazimika kuongeza kadi kwa muda maalumu, kadi zenye mstari mwekundu ambazo zilirudishwa ofisini oda zilipokwisha, na mimi nilikaa na watu wa mauzo kupanga tarehe za kukabidhi ili oda za wilaya mbalimbali zipishane badala ya kuangukia wiki moja. Toyota hutumia juhudi kubwa kusawazisha ratiba ya uzalishaji kabla ya kadi kuanza kuzunguka, na mtu anayeiga kadi bila kuiga usawazishaji huo atateseka.

Rangi ya unga nayo ilitoka nje ya nchi kwa meli. Muda wa kuipata ulitegemea mtengenezaji, meli, bandari na forodha, na haukuweza kutabirika. Kwa vitu vya namna hiyo tulitunza akiba kubwa bila kuona haya. Japani yenyewe ililipia somo hili tarehe 1 Februari 1997, kiwanda cha Aisin cha mjini Kariya kilipoungua. Kilikuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani zilizotumiwa na Toyota, na akiba iliyokuwapo ilikuwa ya saa chache tu, kwa hiyo viwanda vya Toyota vilisimama kwa siku kadhaa. Makampuni mengi yaliyohusiana na Toyota yalikimbilia kusaidia, yakatengeneza vali hizo katika karakana zao, na uzalishaji ukarudi haraka kuliko wengi walivyotarajia. Kiwanda cha Dar es Salaam hakina mtandao wa wauzaji wanaoishi mwendo wa saa moja kutoka getini. Kupunguza akiba pasipo kuwa na jirani wa kukusaidia ni kujitia hatarini, na hakuna kanuni ya Kanban inayomtaka mtu afanye hivyo.

Baadaye nilihamia kwenye kampuni inayotengeneza programu kwa ajili ya vyama vya akiba na mikopo. Programu hizo huhifadhi hesabu za wanachama, hukokotoa riba, na huunganishwa na mitandao ya simu ili mwanachama aweke au atoe fedha bila kufika ofisini. Nilikuta ubao wa safu tatu na kadi tele, na sikuona kikomo popote.

Kiwandani mrundikano ulikuwa ukikukwaza mguu. Katika timu ya programu kazi zilizoanzwa na kuachwa njiani hazichukui nafasi, hazishiki kutu machoni pa mtu, na meneja anaweza kupita ofisini akaona watu watulivu mbele ya kompyuta zao bila kujua kwamba kila mmoja ana kazi nne zilizosimama. Uharibifu wake lakini upo. Mabadiliko ya msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, yaliyokaa wiki tatu bila kuunganishwa hukuta msimbo wa chini yake umekwisha kubadilishwa na wengine, chama kilichoomba ripoti kimebadilisha masharti ya mkopo, na aliyeandika amesahau kwa nini aliandika vile. Kwetu foleni ilikuwa kwenye majaribio. Tulikuwa na mjaribu mmoja, dada makini sana, na watengenezaji walikuwa wakimsogezea kadi kisha kuchukua kazi mpya. "Dada, mimi nimeshamaliza, bado wewe tu," mmoja alimwambia mbele ya wote katika kikao cha asubuhi. Akamjibu kwa upole, "Kaka, zile ulizoleta Jumatatu bado sijazigusa. Ukiniletea na hii, nitaiweka nyuma ya hizo." Nilisikia fremu za uani katika jibu lile.

Tukaweka kikomo. Safu ya majaribio ilipewa nafasi 3 na safu ya utengenezaji nafasi 6, na tukaandika namba hizo kwa wino mzito juu ya kila safu. Majaribio yakijaa, mtengenezaji aliyemaliza hana pa kupeleka kadi yake, inabaki kwake inachukua nafasi, na baada ya muda mfupi safu yake nayo inajaa na hawezi kuanza kitu kipya. Wiki za mwanzo zilikuwa na mvutano. Mmoja wa watengenezaji wetu wazoefu aliniuliza swali lilelile la Mzee, karibu kwa maneno yaleyale: akae bure wakati kazi zipo? Nilimwomba akae na mjaribu, wapitie pamoja kazi zilizokwama. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya muda wa mjaribu ilikwenda kwenye kuandaa akaunti za mfano, mwanachama mwenye mkopo uliochelewa, mwanachama aliyefariki, mwanachama mwenye dhamana ya wenzake, kwa mkono, upya kila mara. Ndani ya muda mfupi aliandika programu ndogo ya kuziandaa akaunti hizo kwa agizo moja. Kazi hiyo haikuwa imewahi kuandikwa kwenye kadi yoyote, na asingeifanya kama safu yake ingekuwa wazi.

Waliotaka uthibitisho wa kihesabu niliwapa kanuni ya John Little, mtaalamu wa Marekani aliyeithibitisha mwaka 1961. Inasema kwamba katika mfumo uliotulia, wastani wa vitu vilivyomo ndani ni sawa na wastani wa kasi ya kuvimaliza ukizidishwa kwa wastani wa muda ambao kila kimoja hukaa humo. Timu inayomaliza kazi 6 kwa wiki ikiwa na kazi 24 mkononi, kila kazi itakaa kwa wastani wiki 4. Ikibaki na kazi 12 kwa kasi ileile, kila moja itakaa wiki 2. Hakuna aliyefanya kazi kwa bidii zaidi katika mfano huo, na mteja amepata kitu chake katika nusu ya muda. Huwa naongeza kwamba kasi yenyewe hupanda kidogo, kwa kuwa mtu mwenye kazi moja hapotezi akili kukumbuka alipoishia katika nne.

Kuhamishia Kanban kwenye programu ni jambo la karne hii. David Anderson, mtaalamu wa usimamizi wa kazi za programu, alisaidia timu moja ya Microsoft iliyokuwa na wahandisi wake nchini India, mwaka 2004 na 2005, chini ya meneja Dragos Dumitriu. Timu hiyo ilikuwa imezama katika kukadiria ukubwa wa maombi ambayo mengi yake hayakuja kufanywa. Waliacha makadirio hayo, wakaweka kikomo cha kazi zinazoingia, na muda wa kungoja ukashuka kutoka takriban miezi 5 hadi takriban wiki 2. Kisha Anderson akaendeleza njia hiyo katika kampuni ya picha ya Corbis mjini Seattle mwaka 2006 na 2007, na huko ndiko ubao wa ukutani tunaoujua leo ulikochukua sura yake. Mlolongo huo unanionyesha kwamba kikomo kilitangulia na ubao ukafuata, na wengi wetu tumeupokea ubao peke yake.

Hata hivyo, aliyetoka kiwandani asidhani mambo mawili haya ni yaleyale. Kadi ya kiwandani huzunguka: inashuka kwenye toroli, inarudi kwenye ndoano, inapanda tena, miezi na miezi. Kadi ya timu ya programu hupita mara moja, kutoka kushoto hadi kulia, na haitumiki tena, kwa sababu hakuna mtu anayeandika ripoti ileile mara mbili. Kinachozunguka katika timu ya programu ni nafasi iliyo wazi. Kazi inapotoka kwenye majaribio, nafasi moja huachwa, na nafasi hiyo ndiyo ruhusa inayorudi nyuma kumwambia mtengenezaji alete nyingine. Nilipowaeleza wenzangu hivyo waliacha kubishana kuhusu rangi za kadi na wakaanza kuangalia mapengo. Tofauti nyingine ni kwamba fremu 20 ni sawa na fremu nyingine 20, ilhali kazi ya kurekebisha herufi kwenye risiti na kazi ya kubadilisha ukokotoaji wa riba zote huandikwa kwenye kadi za ukubwa mmoja. Kwa hiyo ile hesabu ya kadi 7 haifanyi kazi huku. Unaanza na namba ya kukisia, unaangalia foleni inajengeka wapi, unarekebisha, na unajitahidi kuvunja kazi kubwa kabla hazijaingia.

Mgogoro wetu mkubwa ulikuwa juu ya kazi zinazongoja watu wa nje. Kuunganisha programu na mtandao wa simu au na benki kunahitaji vibali, namba za siri za majaribio na uthibitisho wa upande wa pili, na majibu yanaweza kuchukua wiki. Timu ilipendekeza safu ya pembeni kwa kazi za namna hiyo, isiyo na kikomo, kwa hoja kwamba haikuwa haki kuzuiwa na uzembe wa wengine. Hoja ilikuwa na mantiki, tukaikubali, na baada ya miezi michache safu hiyo ilikuwa na kadi nyingi kuliko ubao mzima uliobaki. Kila kazi ngumu ilikuwa imepata mahali pa kwenda kulala. Tuliifuta, na kazi inayongoja ikaendelea kuhesabiwa katika nafasi yake, ikiwekewa alama nyekundu na tarehe ilipoanza kungoja. Hapo mambo mawili yakabadilika. Kwanza, alipatikana mtu wa kupiga simu, kuandika barua, hata kwenda kukaa kwenye benchi la mapokezi hadi ajibiwe, kwa sababu nafasi ile ilikuwa inahitajika. Pili, tukaanza kuomba vibali na namba za majaribio kabla kazi haijaingia ubaoni, na kazi isiyo navyo haianzi.

Kuhusu dharura nitasema kwa ufupi. Mfumo wa chama ukishindwa kutoa fedha za wanachama siku ya mnada wa ng'ombe, hakuna kikomo kitakachomzuia mtu kuushughulikia, wala hakipaswi kumzuia. Tulitenga njia moja ya dharura yenye nafasi 1 tu. Meneja aliyetaka kuleta dharura ya pili alilazimika kusema ipi kati ya mbili iondolewe, na tuliona kwamba nyingi zilizoitwa dharura zilikuwa ahadi za mauzo.

Tuliacha pia kumwahidi mteja tarehe tulizozibahatisha. Tunaandika siku kazi ilipoanza na siku ilipoanza kutumiwa na chama, na chama kinapouliza tunakionyesha kazi za aina hiyo zilizokwisha pita zilichukua muda gani, pamoja na zile chache zilizochelewa sana na sababu zake. Viongozi wa vyama, ambao wengi ni walimu na wakulima waliozoea kusimama mbele ya mkutano mkuu na kujibu maswali, wanaipokea rekodi hiyo kwa heshima kuliko walivyokuwa wakipokea tarehe.

Sasa mjadala ulioko mezani ni kama kikomo cha utengenezaji, ambacho tulikishusha hadi 4, kishuke tena hadi 3. Wanaopinga wanasema mtengenezaji mmoja akiugua au akisafiri msibani, kazi yake itashikilia theluthi ya nafasi zote, na hofu hiyo ni ya kweli katika timu ndogo. Mimi ninaunga mkono kushusha, kwa sababu hofu yenyewe inatuonyesha kwamba bado tuna sehemu za msimbo wa riba zinazojulikana na mtu mmoja tu, na nafasi 4 zinaturuhusu kuendelea kuishi hivyo. Tumekubaliana kujaribu 3 hadi mwisho wa robo hii ya mwaka, kazi za riba zifanywe na watu wawili wawili, na kikao cha mwisho wa robo kiamue kwa kuangalia rekodi za muda, mjaribu wetu akiwa wa kwanza kusema.